Chakula cha Mokaya Kimepokelewa

Jumatano, 6 Agosti

Uji wa wimbi umeiva. Magokoro amejaza kibuyu kama afanyavyo kila Jumatano, akakiziba kwa gunzi la mahindi, akakiweka juu ya kabati. Hakuna atakayekinywa. Kesho atawamwagia kuku. Ndivyo nilivyoikuta nyumba hii nilipozaliwa: nyanya yangu Magokoro, kibuyu, na babu asiyekuwepo.

Babu ni Mokaya. Alikuwa mwalimu hapa Ekerenyo. Miaka arobaini iliyopita alipiga chapa karatasi za kuipinga serikali ya chama kimoja, kwa taipu ya shule, akakamatwa akiwa darasani na chaki mkononi. Alifungwa katika gereza la kilimani, juu ya Nyakoe. Hakurudi. Mwili haukuletwa.

Gereza hilo sasa linageuzwa kuwa makumbusho. Na mimi, Kerubo, mjukuu wake, niliyesimamishwa chuo kikuu muhula mzima kwa kuongoza mgomo, ndimi ninayesoma na kupanga madaftari yake ya zamani. Kazi ya kujitolea. Sijawahi kufanya kazi yenye haki zaidi.

Magokoro aliniangalia nikifunga viatu. "Chuo kimekufukuza, sasa unakimbilia jela. Wenzako hukimbia kutoka huko."

Nilicheka. Kuku walikuwa mlangoni tayari, kana kwamba wanaijua kesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelipata jina lake. Daftari la wafungwa, ukurasa uliotafunwa na mchwa pembeni. Mokaya, mwalimu. Mbele yake, kwa wino mwekundu: *Ameondolewa katika hesabu.* Hawakuandika ameachiliwa. Hawakuandika amehamishwa. Ameondolewa, kama gunia lililooza ghalani.

Nilikaa sakafuni kwa muda. Sikulia. Nilikasirika, na hasira kwangu huja haraka kuliko machozi.

Bi. Atieno, mhifadhi wa makumbusho, mama mpole kutoka kando ya ziwa, aliniletea chai. Alisema wino mwekundu katika madaftari haya una maana moja tu, na kwamba jina la Mokaya linastahili kuwa kwenye Ukuta wa Majina. Ukuta ni mabamba ya jiwe laini la Tabaka. Wachongaji wanaanza wiki ijayo. Makumbusho yatafunguliwa tarehe thelathini.

Kuna fomu ya idhini. Lazima itiwe sahihi na jamaa wa karibu kabisa.

"Mjane wake bado yu hai?" aliuliza.

Neno hilo lilinishtua. Sijawahi kumsikia mtu yeyote akimwita Magokoro mjane.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwomba baada ya kanisa. Alikuwa akichuma chinsaga, mboga zake chungu, katika kitalu kilicho upande wa kulia wa nyumba. Nilimwambia habari za ukuta, za jiwe, za heshima. Nilimwambia taifa lisilowataja wafu wake litawazaa tena wauaji wao. Nilizungumza vizuri. Mkutano wa wanafunzi ungesimama kunipigia makofi.

Alinyoosha mgongo. "Jina lisiandikwe."

"Kwa nini, Magokoro?"

"Nimesema lisiandikwe. Shika hili kapu."

Naandika hapa nilichokijua nikakidharau. Kwetu, mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Ndipo alipopanda mboga. Watu wa ukoo wakija, jambo la kwanza wanaloliona ni chinsaga zimesitawi mahali ambapo lingekuwa kaburi. Na kwetu mtoto hurithi jina la aliyekufa. Kaka zangu watatu walizaliwa, na mara tatu baba aliomba mmoja aitwe Mokaya. Mara tatu Magokoro alikataa. Jina halitolewi ilhali mwenyewe analitumia, alisema.

Baba anafundisha Mombasa. Alipiga simu jioni, nikamweleza. "Mambo ya mama yangu ni ya mama yangu," alisema. "Akikataa, acha."

Wazee hawa wote wamefundishwa kunyamaza. Gereza lilifungwa zamani, lakini funguo wamezimeza wao wenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetia sahihi. *Uhusiano na marehemu: mjukuu.* Bi. Atieno aliuliza kama nyanya ameridhia. Nikajibu ndiyo.

Uongo mdogo mbele ya ukweli mkubwa. Historia haiwezi kusubiri ruhusa ya huzuni ya mtu mmoja.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefungua daftari la lango.

Siku ya kuleta chakula ilikuwa Jumatano. Wake na mama walisimama nje ya waya, vyombo vikaingia, vyombo vikatoka. Karani aliandika. Mstari baada ya mstari, wiki baada ya wiki: *Chakula cha Mokaya. Kimepokelewa. Chombo kimerudishwa kitupu.* Pembeni pana alama ya dole gumba ya mpishi.

Kumbe ndiyo maana ya kibuyu. Magokoro alitembea kutoka Ekerenyo hadi Nyakoe, alfajiri, baba yangu akiburutwa kwa mkono. Nilifurahi kwanza. Nikaliweka daftari la wafungwa kando ya hili ili nilinganishe.

Wino mwekundu uko mwezi wa mavuno. Ameondolewa. Lakini daftari la lango halikukoma. Jumatano iliyofuata: *Kimepokelewa.* Na iliyofuata. Kurasa kumi na tano zaidi. Mwaka mzima ulipita, ukaanza mwingine, na chakula cha mtu aliyekufa kikaendelea kupokelewa na chombo kurudishwa kitupu, dole gumba lile lile.

Walimuua mume, kisha wakala chakula cha mke wake. Kila wiki walimtazama usoni, wakachukua kibuyu, wakashiba.

Sijawahi kuchukia mtu nisiyemjua namna hii. Nimekipiga ngumi kitabu. Bi. Atieno alinisihi niheshimu karatasi. Nikamwambia karatasi inaheshimiwa kuliko wanawake walioandikwa ndani yake.

Daftari litawekwa kwenye sanduku la kioo, likiwa wazi. Maelezo ya chini yake nimeyaandika mimi: *Waliendelea kumlisha marehemu, matumboni mwao.*

Jumatano, 27 Agosti

Bamba la herufi M limefika. Jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi. MOKAYA, MWALIMU. Nililigusa. Herufi zilikuwa na vumbi bado.

Nitahutubia siku ya ufunguzi kwa niaba ya familia. Hotuba ninayo. Na nimepanga jambo ambalo kamati imelipenda: kila jina likisomwa, umati wote utaitikia, "Yupo!"

Magokoro atakuja. Nimemwambia ni sherehe ya kufungua makumbusho, na mjukuu wake atapewa kipaza sauti. Sikusema zaidi. Aliuliza tu kama chuo kitanirudisha nikitenda mema. Amefua kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, kile cha buluu, na kukianika juu ya mashina ya chai.

Kibuyu kiko kabatini. Nilikipita bila kukitazama.

Jumamosi, 30 Agosti

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Mahema mawili, kwaya, wageni wa kaunti, mvua ikijizuia juu ya vilima. Magokoro mstari wa mbele. Nyuma kabisa, viti vya waliowahi kufanya kazi gerezani. Bi. Atieno aliwaalika. Nilikuwa nimepinga, nikashindwa.

Kitambaa kiliondolewa ukutani. Majina yakaanza kusomwa. "Yupo!" Kilima kilitikisika. Nilikuwa na fahari. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli: nilikuwa na fahari.

"Mokaya, mwalimu."

"Yupo!"

Wote waliitikia. Yeye hakuitikia. Alilitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Ningelijua la kufanya na hasira.

Ndipo mwanamke mmoja wa kwetu Ekerenyo akapiga yowe. Yowe la msiba, lile ambalo kwetu humtangaza aliyekufa kijiji chote kijue. Mwingine akalipokea. Wa tatu. Desturi ni desturi: jina limesomwa kati ya wafu, wanawake wa ukoo hawawezi kukaa kimya. Walimzunguka Magokoro, mikono vichwani. Katikati yao alikaa wima, mkoba mapajani, bila sauti.

Nami nikapanda jukwaani. Niliona yowe lile kama ushindi. Nilidhani mlango umefunguka.

Nilisema juu ya taipu na chaki. Nilisema juu ya wino mwekundu. Kisha nikalinyanyua daftari la lango. "Mwanamke huyu," nilisema, nikimwonyesha kwa kidole, "alitembea hadi hapa kila Jumatano kumletea mumewe uji. Na baada ya kumuua, mpishi wa gereza hili aliula! Mwaka na nusu! Alama ya kidole chake ni hii! Palipo na mwizi mkubwa kuliko anayeiba mdomoni mwa maiti, nionyesheni!"

Walipiga makofi wakisimama. Mtu alipaza sauti, "Aletwe hapa!"

Nyuma, mzee mmoja mrefu aliinuka. Kofia kifuani. Alipita kati ya viti polepole, magoti mabovu, akaelekea langoni. Watu walielewa. Walimzomea. Mmoja alimrushia chupa tupu ya maji.

Na Magokoro alisimama. Aliwasukuma wanawake wale, akasimama kumwelekea mzee yule, mkono mmoja umeinuka, kama mtu anayetaka kuita na jina halijui. Mzee hakugeuka.

Mvua ilitukuta Kebirigo tukisubiri gari jingine, Magokoro hakujifunika. Nyumbani alivua kitambaa cha buluu, akakikunja mara nne.

Kuna kitu nimekivunja. Sijui ni nini.

Jumapili, 31 Agosti

Hakwenda kanisani. Hajasema neno.

Jumatatu, 1 Septemba

Mzee Ontiri amekuja. Ndugu mdogo wa babu. Alikuja na wazee wawili, wakakalia vigoda nje, macho yao kwenye chinsaga.

Nilitoka nikiwa tayari kupigana. Ninamjua Ontiri kwa sifa zake. Nilisema kama wamekuja kwa ajili ya shamba, sheria ninaijua kifungu kwa kifungu.

Wazee walicheka. "Mokaya hakufa," mmoja alisema. "Yuko hapa amevaa sketi."

Ontiri hakucheka. "Shamba nitalipeleka wapi, mjukuu wangu? Tazama miguu hii. Nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu. Yowe limepigwa. Mtu akishaliliwa lazima alazwe." Kisha akageukia mlango, ambako Magokoro alikuwa amesimama. "Moka Mokaya," alimwita: mke wa Mokaya. "Mimi pia nimenyimwa kumlilia. Miaka arobaini. Nilikuwa na kaka mmoja tu."

Alilia. Mzee wa miaka themanini, kamasi mpaka kidevuni. Nilitaka kumchukia. Sikuweza.

Asiyepatikana mwili huzikwa kwa shina la mgomba. Wamepanga Jumamosi ya wiki ijayo. Kaburi litachimbwa panapostahili. Upande wa kulia.

Magokoro alisema, "Nimesikia." Akaingia ndani.

Jumatano, 3 Septemba

Alijaza kibuyu. Hakukipandisha kabatini. Alikiweka mezani kati yetu na kuniambia nikae.

Alizungumza Kigusii, polepole, kama anavyomsomea mtoto Biblia. Ninaiandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuambiwa.

Aliniuliza kama ninajua chombo kikirudi kimejaa kilimaanisha nini. Sikujua. Alisema pale kwenye waya kila mwanamke alijua. Kibuyu kikirudi kitupu, mtu wako yu hai. Kikirudi na uji wake, unaanza kulia papo hapo, na kabla hujafika nyumbani kijiji kimekwisha kuambiwa.

Jumatano moja, mwezi wa mavuno, mpishi alitoka mwenyewe hadi kwenye waya. Mtu wa ziwani, kijana, mrefu. Alikuwa na kibuyu mkononi, bado kimejaa. Alimwambia kwa Kigusii cha kuokoteza: "Mama, mwenye uji hayupo."

Nyuma yake walikuwepo wanawake wa Ekerenyo. Nyumbani alikuwepo Ontiri, mwanamume mwenye nguvu wakati ule, na wazee wake. Mjane alirithiwa na shemeji. Yeye na watoto na mashina ya chai, vyote pamoja. Baba yangu alikuwa na miaka minane.

"Nikamwambia, wewe kipokee."

Mpishi alimtazama. Akarudi ndani na kibuyu. Baadaye kidogo akakileta. Kitupu. Kimeoshwa.

"Nikarudi Jumatano iliyofuata. Akapokea. Na iliyofuata. Hatukuongea tena hata siku moja. Sikujua jina lake. Kijiji kilisema, Moka Mokaya bado anapeleka chakula, mumewe bado yu hai. Ontiri alikuja mara tatu na wazee, mara tatu nikawaonyesha kibuyu kitupu. Nilitembea mpaka baba yako alipotahiriwa akatoka jandoni. Siku hiyo nyumba ilipata mwanamume. Ndipo nikaacha."

Nilimwuliza kwa nini basi hakuacha kabisa. Hatari ilikuwa imepita. Kwa nini mboga, kwa nini jina, kwa nini uji, miaka yote hii?

Alifikiri. "Nilikuwa nimezoea kuwa mke wake."

Alikiacha kibuyu mezani. Sikuweza kukigusa.

Nimesoma nadharia zote za upinzani. Nimeandika insha, nimepata alama. Upinzani mrefu kuliko wote nilioujua ulikuwa umelala chumba cha pili, nami nikauvunja mbele ya kipaza sauti nikipigiwa makofi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemtafuta mpishi. Anaitwa Mzee Okelo. Hakurudi kwao ziwani gereza lilipofungwa. Anashona viatu sokoni Nyakoe, karibu na wauza ndizi. Wiki hii hakupata wateja wengi. Nilijua sababu.

Nilipiga magoti kwenye maganda ya ndizi. Watu walisimama kutazama.

"Inuka, nyathina," alisema. Mwanangu, kwa lugha yake. "Utachafua nguo na mimi nashona viatu tu."

Nilimwomba msamaha kwa sauti kubwa, wasikie wote. Hayakuwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyatumia yote mazuri kumtukana.

Alitia sindano kwenye soli. "Wenzangu jikoni walinicheka. Walisema Okelo ameoa kibuyu." Akatabasamu. Meno machache. "Uji ulikuwa mtamu. Lakini siku nyingine aliweka na chinsaga, kwenye jani. Hiyo mboga yenu! Uchungu wake ulinitoa jasho. Ningemwaga, ningeonekana. Kwa hiyo nilikula. Hata nikiwa na homa nilikula. Nilijisemea, huyu mama anatembea toka Ekerenyo, mimi nishindwe kumeza?"

Niliuliza babu alikufa vipi. Sindano ilisimama.

"Usiniulize hilo. Mimi nilikuwa jikoni. Najua tu kwamba sahani yake ilirudi haijaguswa."

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama yule mama yu mzima. Nikamwambia alisimama siku ile, alitaka kumwita.

"Niliona," alisema. "Ningegeuka, wangejua ni mimi na yeye. Nilidhani bado ni siri."

Hata alipokuwa akizomewa alikuwa akimlindia siri. Niliondoka nikilia katikati ya soko, na mwanamke mmoja wa ndizi akanipa kitambaa bila kuuliza.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwomba Bi. Atieno alifute jina. Nilikiri kwake uongo wa fomu. Hakunikemea. Alitazama mikono yake.

"Ninaweza kulitoa bamba, Kerubo. Lakini yowe lile nitalitoa wapi?"

Maelezo yangu chini ya daftari nayo? Safari hii nilimwuliza Magokoro kabla ya kutoka nyumbani. Alikuwa akipepeta mahindi. "Maneno yako toa," alisema. "Kitabu kiache."

Nimeking'oa kikaratasi kwa kucha. Daftari limebaki wazi ndani ya kioo, bila maelezo. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alisimama hapo, akasoma mistari, akamwambia mwenzake, "Huyu jamaa alikuwa anakula vizuri." Wakacheka, wakaenda zao. Sikumsahihisha.

Jumatano, 10 Septemba

Hakupika uji. Kabati tupu. Kuku walisimama mlangoni wakisubiri.

Ijumaa, 12 Septemba

Amezing'oa chinsaga mwenyewe. Vijana wa Ontiri walikuja na majembe, akawaambia wasubiri barabarani. Aliinama mstari kwa mstari, shina kwa shina, akikung'uta udongo kila mzizi. Nilitaka kusaidia. Alinikataza kwa kichwa. Mboga zote zimepikwa kwa ajili ya waombolezaji. Baba amefika kutoka Mombasa, akasimama kando ya kitalu kitupu, mzee ghafla. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumelizika shina la mgomba. Lilivikwa suti ya baba, maana ya babu haikuwepo. Lilikuwa zito, limejaa maji, likilowesha kola. Ontiri alilibeba upande wa kichwa. Mchungaji alisoma.

Waliniomba nizungumze. Nilikataa. Ni mara ya kwanza.

Mzee Okelo alikuja. Nilikuwa nimetuma neno, sikuamini angekuja. Alisimama nje ya ua na kofia yake kifuani, na minong'ono ikaanza. Magokoro alipita kati ya watu wote, nguo nyeusi zikimkaa kama za kuazima, mpaka kwenye lango la miti. Alimshika mkono, akamwingiza, akamketisha miongoni mwa ndugu wa marehemu. Ontiri alitazama. Akasogea kumpa nafasi.

Walipoletewa chakula, Magokoro mwenyewe alimpelekea sahani. Ugali wa wimbi na chinsaga.

"Bado chungu?" alimwuliza. Miaka arobaini, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya pili.

"Chungu sana, mama," alisema Mzee Okelo. Akala yote.

Ndipo Magokoro akalia. Si alipoona udongo ukirudishwa. Ni alipopokea ile sahani. Alilia akiwa amesimama, sahani tupu mikononi, kwa sauti iliyokuwa imekaa ndani yake tangu kabla sijazaliwa, na sisi sote tukakaa kimya, kwa kuwa hakukuwa na wa kuipokea.

Jioni kabla ya wageni kutawanyika alimwambia baba, "Mtoto wa kiume atakayezaliwa, mwiteni Mokaya. Jina sasa liko wazi."

Watu walifurahi. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua ya mchana. Baba amerudi Mombasa. Chuo kimeniandikia nirudi Januari.

Tuta liko upande wa kulia. Udongo mwekundu, hakuna kilichopandwa. Nimeona Magokoro akilipita mara mbili leo, ndoo mkononi, bila kugeuza kichwa.

Asubuhi amepika uji wa wimbi. Nilisikia mwiko. Alitafuta kitu kabatini, akakirudia kibuyu, akakipangusa kwa upindo wa leso, akakijaza. Mkono ulikuwa umezoea. Alisimama nacho katikati ya chumba, akitazama kabati, akitazama mlango.

Kisha akanipa mimi.

"Kunywa. Usipoe."

Nilipokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito, umechachuka kidogo, una moshi wa jiko. Sikuusikia utamu wowote. Nilikunywa hadi chini, hadi punje za mwisho, nikakiosha kwa maji ya ndoo, nikamrudishia kitupu.

Alikitazama ndani. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kufungulia kuku.